Mlinzi wa Mchezo

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama nitabakiwa na moyo wa kuziandika. Natumia kalamu kwa sababu sitaki hata neno moja la barua hii lipite kwenye kompyuta. Kwenye simu nako sitaki, maana najua nitalia na wewe utanikatiza. Dereva wa lori la vyakula vya kambi yenu ya ujenzi ameahidi kukukabidhi mkononi.

Unakumbuka nilikueleza kwamba kompyuta imekuwa nzito? Ninaporudi kutoka mahakamani na rekodi zangu, nimeiacha tangu asubuhi, naikuta ina joto la pasi na feni inavuma. Nikikaa kuchapa, maneno yanachelewa kutokea. Shahidi anasema "aliingia chumbani", nachapa "aliingia chumbani", na nakaa kuyasubiri maneno hayo kama nasubiri mgeni. Basi juzi nilimwita fundi wa mahakama, yule tunayemwita Miwani. Alikaa hapa mpaka chai ikapoa, nikamtengenezea nyingine, nayo ikapoa. Alifungua orodha ya programu zinazofanya kazi akanionyesha. Orodha ilikuwa safi, haina kitu, na mashine inahema.

"Dada," akaniambia, "mashine hii inamfanyia kazi mtu ambaye hatumwoni."

Akachimba zaidi. Akakuta programu moja imejichimbia chini kabisa, inaamka kabla ya nyingine zote, kabla hata mimi sijaandika neno langu la siri. Jina lake ni herufi zisizo na maana. Ukiiambia ijifunge, inakataa. Na kwa alivyoielewa yeye, kazi yake ni kuficha programu nyingine isionekane. Kinachofichwa ni nini, hakuweza kuona. Nilimuuliza vitu vya namna hii huwa ni vya nini. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akasema mara nyingi ni vya kumchunguza mtu: anaandika nini, anaongea na nani, anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mashine hii aliiunda nani?"

Nikamjibu ni mume wangu.

Kazi yangu unaijua. Nanukuu kesi za watoto, zile zinazosikilizwa milango imefungwa, na nilikula kiapo. Kama kuna mtu anayasoma ninayoyaandika, hataumia mke wako peke yake. Kuna watoto humo ambao baba zao hawatakiwi kujua wanaishi wapi. Lazima nimweleze msajili, na nitamweleza.

Lakini kabla ya msajili nakuuliza wewe. Likizo ya Desemba ulijifungia na hiyo mashine kutwa nzima, ukasema unaisafisha. Mwezi wa kwanza ulinipigia ukaniuliza mbona jana yake nilichelewa kurudi, na mimi sikuwa nimekwambia kwamba nilichelewa. Ulijuaje? Na mwaka juzi ulinihoji wiki nzima habari ya dereva wa hakimu aliyenipa lifti siku ya mvua, mpaka ukasema basi, yameisha. Nilidhani yameisha kweli.

Sitaki maneno mengi. Ni wewe, au si wewe? Kama ni wewe, nakusanya nguo zangu naenda kwa mama, na safari hii sirudi kwa kubembelezwa. Siwezi kuishi na mtu anayenichunga kama mwizi.

Baba yako hajambo. Ukiacha mgongo, yuko vizuri. Anasoma magazeti yake kwenye ule upande wa kompyuta usio na neno la siri, halafu ananisubiri tule pamoja. Haya ya kwetu sijamwambia, nisije nikampandisha presha bure.

Mkeo.


Jumanne, 12 Machi

Nukta wangu,

Umesaini "mkeo", basi. Tangu enzi zile ulipokuwa unanirudishia barua zangu za uchumba umezisahihisha kwa wino mwekundu, nikakubatiza Nukta, hujawahi kuniandikia bila kutumia jina hilo. Nimeigeuza karatasi nyuma na mbele nikilitafuta.

Si mimi. Naapa kwa kaburi la mama yangu, si mimi. Nimekupigia simu, hukupokea, basi naandika.

Ile siku uliyochelewa, Baba ndiye aliyenitajia. Nilimpigia kumuulizia mgongo, akasema, "Mkamwana wangu bado hajarudi, nimeanza kumenya viazi mwenyewe." Ni hilo tu. Na Desemba nilikuwa nasafisha kweli. Mashine ile nilimuundia mdogo wangu, unajua, na alipofariki mwaka jana ilikaa pale hakuna anayeigusa. Nilitaka wewe uipate ikiwa tupu. Ilinichukua kutwa nzima kwa sababu kila kitu chake nilichokifuta nilikaa kwanza nikakiangalia. Sikukwambia, maana ningekwambia ningelia, na mimi kulia mbele yako sikuzoea.

Sasa nikupe habari nzuri, kisha nikuulize. Hapa kambini tuna mhandisi wa zege, dada mmoja mcheshi ambaye jioni zake zote anacheza michezo ya kompyuta. Nilimweleza alichokikuta Miwani, bila kumtajia kwamba ni nyumbani kwangu. Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Huyo si jasusi," akasema, "huyo ni mlinzi wa mchezo." Kumbe ile michezo ya kushindana kwenye mtandao ina wadanganyifu, watu wanaoweka programu za kuona adui nyuma ya ukuta na mambo kama hayo. Basi wenye mchezo nao wanaweka mlinzi wao ndani ya mashine yako. Anashuka chini kuliko kitu kingine chochote, anaamka wa kwanza, na anauficha mchezo ili programu nyingine zisiuone wala kuuchezea. Hana adabu, anaingia mpaka chumbani kwa watu, lakini hana shida na wewe unaongea na nani.

Nilifurahi, Nukta. Nilitaka kukuandikia saa ile ile. Halafu nikaanza kufikiri.

Mlinzi wa mchezo haji bila mchezo, na mchezo haujiweki wenyewe. Wewe huchezi hata karata. Baba akitaka kukuza maandishi ya gazeti anakuita. Mchezaji wa nyumba ile tulimzika mwezi wa sita, na vyake nilivifuta kwa mikono yangu. Kwa hiyo kuna mtu anayekaa kwenye kile kiti, na anakaa sana, mpaka mashine inapata joto la pasi. Unasema asubuhi uko mahakamani. Nakuamini. Lakini niambie huyo mtu ni nani.

Nauliza tu. Dereva wa hakimu bado yupo?

Mumeo, anayekupenda hata ukikunja uso,
Futi Kamba, kama ulivyonibatiza nawe


Alhamisi, 21 Machi

Kwako,

Dereva wa hakimu yupo. Ana miwani ya kusomea na ya kuendeshea, na siku ile ya mvua njia nzima alinisimulia mjukuu wake anavyoota meno. Haya nilishakueleza mwaka juzi. Nimekueleza tena, na ndiyo mara ya mwisho.

Nilikuuliza swali moja, ukanigeuzia kibao.

Barua yako imechelewa. Alhamisi iliyopita Miwani alikuja akaifuta mashine yote, kuanzia chini kabisa, akaweka kila kitu upya. Nilisimama pembeni nikimwangalia, nikasema mwenyewe, potelea mbali, hata kama sitamjua ni nani. Sasa haina joto wala kelele. Msajili naye nilimweleza ukweli wote, akanisimamisha mpaka atakaponiandikia. Nimekaa nyumbani nahesabu vigae.

Kama ni mlinzi wa mchezo kama anavyosema huyo mhandisi wako, mimi sijui, na sioni tena wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba umeambiwa ni mchezo, na badala ya kucheka na mimi, ukanitafutia mwanamume wa kumweka kwenye kiti.

Jambo jingine. Baba ana neno na mimi. Tangu Alhamisi ile ya Miwani hanijibu zaidi ya ndiyo na hapana. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Juzi nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, imezimwa, mikono yake yote miwili iko juu ya kibodi. Nilipomwita aliinuka akaenda chumbani kwake bila kunitazama. Huyu ni mzee ambaye hajawahi kuninunia tangu nimeingia nyumba hii. Nimempima presha, iko sawa.

Umemwambia nini juu yangu? Kama umemwandikia, niambie, nijue nakaa na nani.

Mkeo.


Alhamisi, 28 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo unapoa. Mimi mwili mzima, ila usingizi sina, na chakula nakila kwa kujilazimisha.

Baba, hili ninalokuomba sijawahi kukuomba, nisamehe kabla sijaanza. Mambo kati yangu na mkwe wako si mazuri. Ile kompyuta ilikuwa na mchezo wa mtandaoni, wenye programu ya ulinzi inayouficha usionekane. Yeye alidhani mimi ndiye niliyemwekea kitu cha kumchunguza. Si mimi. Lakini kuna mtu alikuwa anakaa kwenye kile kiti na kuucheza, na mke wangu hanitajii. Nikiuliza anakasirika, na mtu asiye na jambo hakasiriki namna ile.

Wewe uko nyumbani kutwa. Naomba unisaidie kuangalia. Nani anakuja? Yeye anatoka saa ngapi, anarudi na nani? Sikuombi umuulize. Angalia tu, kisha uniandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya. Heri nivunjike mara moja kuliko kukatika kidogo kidogo.

Barua hii dereva atakupa wewe mwenyewe, mke wangu akiwa hayupo sebuleni. Usimwonyeshe.

Mwanao.


Ijumaa, 5 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mgongo unauma kama kawaida yake. Umeniuliza nani alikuwa anakaa kwenye kile kiti. Ni mimi.

Kaa vizuri nikueleze, maana naandika polepole na sitaki kurudia. Ulipokuwa huko kambini na mdogo wako anaumwa, maradhi ya figo yalipomvimbisha vidole, alishindwa kushika kile kipanya cha mashine. Alilia. Mtu mzima, ndevu zimemwota, analia kwa ajili ya mchezo. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake natia uzi kwenye sindano, nikamwambia, mwanangu, mikono ninayo mimi, wewe niambie tu. Ndivyo tulivyoanza. Yeye ananielekeza, mimi nabonyeza. "Baba, kushoto. Baba, inama. Baba, usimwombe radhi, mpige!" Maisha yangu yote nimeshona vifungo na pindo, mkono wangu hautetemeki. Tulishinda mno. Mdogo wako kule mchezoni anaitwa Kinyonga, na alikuwa na wenzake watatu. Radi ndiye mkubwa wao. Sindano ni msichana, anasoma chuo. Wa tatu anajiita Mama Mkwe, naye ni kijana mwenye sauti nzito. Wanaishi wapi sijui, na majina yao ya kweli sijui. Mdogo wako aliongea nao kwa mdomo, mimi nikacheza kwa mikono, na hawakuwahi kujua kwamba Kinyonga ni watu wawili.

Msiba ulipokwisha, nyinyi mkaondoka, mkamwana akaenda kazini, nikabaki na nyumba. Nikawasha ile mashine ili niizime vizuri, maana ilikuwa inawaka taa. Kwenye skrini pakatokea maneno ya Radi: "Kinyonga, upo?"

Nikaandika, "Nipo."

Sikupanga, mwanangu. Vidole viliandika vyenyewe. Niliona nikiandika kitu kingine chochote, nitakuwa mimi ndiye ninayemuua. Wakauliza mbona haongei, nikaandika kipaza sauti kimeharibika. Kuanzia hapo kila asubuhi Kinyonga alikuwa yupo.

Ulipokuja Desemba ukafuta, sikukulaumu, hukujua. Mchezo niliurudisha mwenyewe kwenye ule upande wangu wa magazeti. Nilishamwona mdogo wako akifanya hivyo, na kukuza maandishi ya gazeti kunanishinda kwa sababu sijawahi kuona mtu akikuza. Sikuwahi kuufunga mchezo. Nikisikia geti, nazima skrini tu, kama alivyozoea yeye.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nimekosea vibaya. Nilidhani mkamwana anaona. Kitu kikubwa namna ile kinanguruma ndani ya mashine yake, atakosaje kukiona? Nikasema moyoni, mtoto huyu ameona, ameamua kunistahi, hataki kuniaibisha mzee mzima na michezo ya vijana. Nilimshukuru kimoyomoyo kila siku. Kumbe yule mlinzi alikuwa ananificha, na mimi sina habari kwamba nimefichwa.

Fundi alipokuja wakazungumza habari za jasusi, nilikuwa jikoni, nikamwonea huruma mkamwana. Haikunijia hata kidogo kwamba jasusi mwenyewe ni mimi. Kisha mashine ikafutwa, nikakaa asubuhi kwenye kiti, nikakuta Kinyonga hayupo. Nikadhani mkamwana amechoka kunivumilia, ameniondolea mwanangu bila hata kuniambia. Ndiyo maana nikamnunia. Hayo ya mlinzi anayeficha nimeyajua kwenye barua yako.

Umeniambia nisimwonyeshe. Nimemwonyesha.

Nilimwita mezani, nikampa barua yako aisome yote, halafu nikamweleza yangu. Katika nyumba hii kumefichwa vya kutosha, nami nimechoka. Alipofika mwisho aliikunja, akaniuliza kama nimeshakula. Alikutuhumu kwamba umemwekea kitu cha kumchunga, ukaapa si wewe, na ulisema kweli. Halafu ukachukua kalamu ukaniomba mimi ndiye nimchunge. Sikukulea hivyo, na mama yako hakukulea hivyo. Umenitia aibu mbele ya mtoto wa watu.

Nimejaribu kumfungua Kinyonga tena, mlango wake umekataa. Wenye mchezo wameona mambo yamebadilika ghafla, wanataka mwenye akaunti ajitokeze aonyeshe sura. Nimtoe wapi? Wale watatu watakuwa wanasema amewatoroka. Mdogo wako hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo.

Baba yako.


Jumatano, 17 Aprili

Kwako,

Nakuandikia habari za Baba kwanza, kwa sababu utataka kuzijua na yeye hawezi kuziandika.

Ile laptopu yangu ya chuo, yenye ufa kwenye kioo, nimempa. Tumeiweka chumbani kwake, mbali na kazi yangu. Tumeuweka mchezo na mlinzi wake, tunajua yupo na tunajua anafanya nini. Masharti yake niliyasoma yote, sikuyapenda, lakini nilikubali. Baba amejiandikisha upya kwa jina la Fundi Cherehani.

Kuwapata wale watatu ilikuwa kazi. Aliwaandikia, Radi akajibu kwamba hawachukui wageni. Kesho yake akaandika tena, wakamfungia. Nikamfungulia akaunti nyingine, Baba akakaa sana akiangalia herufi, halafu akaandika: "Nina habari za Kinyonga." Walimwingiza papo hapo.

Nilichomeka hedifoni, akaniomba nisitoke. Nikakaa kitandani kwake, tukagawana, sikio moja yeye, moja mimi. Walikuwa wanamuuliza wote kwa pamoja, yuko wapi, anaumwa, mbona kimya. Baba akasogea karibu na laptopu. Nikamshika kiganja. Akapiga moyo konde akasema:

"Mimi si Kinyonga. Mimi ni baba yake. Kinyonga alifariki mwaka jana, mwezi wa sita. Tangu hapo aliyekuwa anacheza na nyinyi ni mimi. Nisameheni, wanangu."

Aliyeanza kusema ni huyo Mama Mkwe. "Miezi yote hii," akasema, "tunakusimulia mambo yetu, kumbe humo hamna mtu?" Akatoka. Baba alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba wanamwona. Radi akauliza alikuwa anaumwa nini, Baba akamweleza, Radi akasema pole, mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegeuza uso. Mwishowe Sindano akauliza, "Siku niliyofeli mtihani, ukaniambia nguo ikichanika haitupwi, inafumuliwa inashonwa tena. Ni yeye aliyesema, au wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi asante, Baba," akasema, na yeye akaanza kulia.

Baba alivua hedifoni akaiweka mapajani. Unakumbuka msibani hakudondosha chozi? Alikuwa anapanga viti, anaelekeza watu maji yako wapi. Juzi alilia, mume wangu. Alilia kwa sauti, akimwita mdogo wako kwa jina lake, mpaka blauzi yangu ikalowa begani. Nilimshika nikalia naye, kwa ajili ya shemeji yangu na kwa ajili yangu mwenyewe. Mama Mkwe hajarudi mpaka leo. Baba anasema ana haki.

Msajili amenirudisha kazini. Niliandika maelezo yote bila kuficha jina la mtu, akaagiza mashine ninayofanyia kazi ya mahakama isiguswe na mtu mwingine, hata wa kusoma gazeti. Ni haki yake, na kosa la kuiacha wazi upande mmoja lilikuwa langu.

Sasa yetu. Nilikutuhumu kwa kitu ambacho hukufanya. Kwa hilo nakuomba radhi, na siweki "lakini" mbele yake.

Barua uliyomwandikia Baba nimeisoma kuliko nilivyowahi kusoma barua zako zote za uchumba. Safari hii sikusahihisha kitu. Mimi nilipokushuku nilishika kalamu nikakuuliza wewe. Wewe uliponishuku ulimwomba mzee mwenye msiba wa mtoto wake anihesabie ninatoka saa ngapi na ninarudi na nani. Kumbe nilikuwa nahangaika kutafuta ndani ya mashine kitu cha kunichunga ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa, na aliyekuja kukiandika, kwa kalamu, ni wewe. Naumia hata kuandika hivyo, kwa sababu nakupenda, na nilitaka sana iwe si wewe.

Sijaenda kwa mama. Nguo zangu zimo sandukuni, na sanduku liko chini ya kitanda chetu.

Usinijibu kwa barua. Ukiniandikia, nitamrudishia dereva bila kuifungua. Njoo mwenyewe, ukae mbele yangu, uniulize kwa mdomo wako lile swali ulilomuuliza Baba. Nitakujibu. Halafu na mimi nitakuuliza langu.

Mkeo, hadi leo.